Mabwawa Yaliyofungwa Ili Yazinduliwe

Festus Mukhwana alikuwa meneja wa mabwawa ya majitaka ya Kitale, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuna aliyewahi kumpongeza. Hakuna aliyemlaumu pia. Watu wa Kitale walivuta maji msalani, maji yakanguruma, yakazama, na mawazo yao juu ya jambo hilo yakazama nayo. Kwamba maji yale yalikuwa na safari baada ya hapo, kwamba yaliteremka ndani ya mabomba chini ya barabara, soko na makanisa mpaka bondeni nje ya mji, ambako Festus aliyasubiri na gambuti zake za mpira miguuni, hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu ya kuonyesha wageni. Maji yalipoingia yalipita kwanza kwenye wavu wa chuma ulionasa matambara, nepi, mifuko na mara mojamoja meno ya bandia. Kisha yaliingia bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, ambako vijidudu visivyohitaji hewa viliitafuna taka kimyakimya huko chini. Yakaendelea hadi bwawa la pili, lililokuwa kijani kwa sababu ya mwani, na mwani huo ukavipa hewa vijidudu vingine vilivyomalizia kazi ya wenzao. Mwishowe yalitulia kwenye bwawa pana la kina kifupi, jua likayapiga siku baada ya siku hadi viini vya magonjwa vikafa, ndipo yakaachiliwa kwenye kijito kinachoingia mto Nzoia. Kutoka hapo Nzoia ilishuka kuelekea Webuye, na watu wa huko wakanywesha ng'ombe, wakafua nguo, wakabatizana, bila kujua kwamba kuna mtu huko juu anaitwa Festus.

Festus mwenyewe alikuwa amechangia kutojulikana kwake. Siku ya mazungumzo ya mahari, nyumbani kwa kina Peris, mchumba wake, huko chini ya Webuye, ami yake Festus alisimama akatangaza kwamba kijana wao ni injinia wa maji. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza ni maji ya aina gani, na Festus hakuona haja ya kukatiza mazungumzo mazuri. Baadaye Peris, ambaye aliujua ukweli, alimtuliza kwa kumwambia, "Si yote ni maji tu?" Mama yake Peris, Mama Nakhumicha, aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ndiye anayewafanya watu wa Kitale wanywe maji safi. Kumsahihisha kungekuwa kazi ngumu kwa vyovyote, maana kwao Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaketi chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye shamba la mahindi la jirani mpaka mwenzake apite.

Basi hali ilikuwa hivyo, mto ukiwa safi na Festus akiwa hajulikani, mpaka kampuni ya maji ilipopata mwenyekiti mpya wa bodi.

Mwenyekiti huyo aliitwa Mbogo. Alikuwa mfanyabiashara wa mbolea, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri, na kila mtu alijua ananyemelea kiti katika uchaguzi ujao. Ndiyo maana watu walikuwa wameshaanza kumwita Mheshimiwa, wakiwahi mapema. Alifika mabwawani asubuhi moja na Kui, afisa wa itifaki na mawasiliano wa kampuni, mwanadada mwerevu aliyekanyaga tope la bondeni na viatu vya visigino bila kutikisika hata kidogo.

Mheshimiwa alizungushwa. Aliona wavu, akaona mabwawa, akashika kitambaa puani kwa adabu. Kisha akasimama na kuuliza swali moja tu.

"Hii kitu ilizinduliwa na nani?"

Festus alifikiri. "Haikuzinduliwa, Mheshimiwa. Ilipomalizika kujengwa, ilianza tu."

"Ilianza tu?" Mheshimiwa alimtazama Kui kwa huzuni, kana kwamba ameambiwa kuna mtoto mahali amekua mpaka akaota ndevu bila kupewa jina. "Hakuna jiwe? Hakuna utepe?"

"Hakuna."

"Bana, hiyo ni dhuluma," alisema Mheshimiwa. "Mradi mkubwa hivi. Lazima tuuzindue."

Mashaka yalianza hapo. Kui alieleza, kwa upole na ufasaha, kwamba huwezi kuzindua kitu kinachofanya kazi. Wageni watakuja, wapiga picha watakuja, Mheshimiwa atakata utepe, halafu nini? Maji yatakuwa yanatiririka kabla ya utepe na yataendelea kutiririka baada ya utepe. Watu watacheka. Ilifaa mabwawa yafungwe kwanza, yasafishwe, yapakwe rangi, halafu siku hiyo Mheshimiwa azungushe gurudumu la lango kuu kwa mkono wake mwenyewe na maji yaingie.

"Na majitaka ya mji yataenda wapi hizo siku zote?" Festus aliuliza.

"Si kuna ule mfereji mwingine?" Kui alikuwa ameuona ule mfereji wa dharura, uliochimbwa kwa ajili ya mafuriko, uliozunguka mabwawa yote na kumwaga moja kwa moja kwenye kijito. "Ni siku chache tu, injinia."

Jepkoech, mtaalamu wa maabara wa pale, alikuwa amesimama kando na chupa zake za sampuli. "Na vijidudu vyetu vitakula nini?" aliuliza.

"Vijidudu?" Kui alishtuka. "Si hivyo ndivyo tunajaribu kuondoa?"

Jepkoech alimtazama Festus akimsubiri aseme kitu. Festus alifungua mdomo. Lakini wakati huohuo Mheshimiwa alimshika bega na kumwambia kwamba jiwe la uzinduzi litakuwa na majina mawili, lake juu na la Injinia Festus Mukhwana chini yake, na kwamba televisheni itakuwepo, na kwamba yeye, Festus, ndiye atakayetoa hotuba ya kiufundi. Festus alijiona kwenye skrini, amevaa suti. Aliwaona wazee wa Webuye wakiitana kumtazama. Akaufunga mdomo.

"Siku chache tu," alimwambia Jepkoech baadaye, wakizungusha gurudumu la lango kuu pamoja. Lango lilishuka likaziba. Upande wa pili, majitaka ya Kitale yalisita kidogo, yakageuka, yakaufuata mfereji wa dharura kuelekea kijitoni.

"Mimi nimesema tu," alijibu Jepkoech, na hakuongea naye tena mpaka saa ya chai.

Maandalizi yakaanza. Maji ya kijani yalipigwa marufuku, kwa kuwa Kui alisema kijani kwenye picha huonekana kama ugonjwa. Mabwawa yakanyonywa. Mwani uliojilea wenyewe miaka yote ukakwanguliwa na kutupwa. Kuta zikapakwa rangi ya samawati, na bwawa la mwisho likajazwa kwa malori maji safi ya kisima, maji ya kunywa kabisa, yaliyoletwa kufanya kazi ya kuonekana kama majitaka yaliyosafishwa. Kulikuwa na korongo na bata mwitu waliozoea kukaa pale, rangi iliwafukuza. Kui alipotembelea akaona uso wa bwawa uko mtupu, alisema panahitajika uhai, na jioni hiyo wakaletwa bata wa kukodi kutoka kwa mfugaji wa Kiminini. Bata wale hawakuyapenda maji yenye harufu ya rangi. Walitoka wakakaa ukingoni, wakawa wanasukumwa ndani kila mgeni anapokaribia.

Siku ya uzinduzi ikawadia, ikaahirishwa. Mheshimiwa alikuwa amepata nafasi ya ziara ya mafunzo ng'ambo, na ziara yenyewe ilihusu usafi wa mito. Alirudi, ikapangwa siku nyingine, ikaahirishwa tena kwa sababu mtu wa televisheni alikuwa na harusi. Muda wote huo mji wa Kitale uliendelea kuvuta maji msalani kama kawaida, kwa imani ileile.

Simu ya kwanza kutoka Webuye ilimfikia Peris akiwa jikoni. Alipoikata alimgeukia mumewe aliyekuwa anakula.

"Ni mama. Anasema ng'ombe wamekataa maji ya mto. Wanafika pale, wananusa, wanarudi."

Festus alitafuna polepole.

"Anasema pia walikuwa na ubatizo Jumapili. Pasta ameingia hadi magotini, akasimama, halafu akatoka akasema Roho amemwonyesha waahirishe."

"Inaweza kuwa ni kiangazi," alisema Festus. "Maji yakipungua, mto hunuka."

"Festus, juzi si mvua ilinyesha hadi sebule ikavuja?" Peris alivuta kiti akaketi mbele yake. "Na unajua amenituma nikwambie nini? Ati wewe kama mtu wa maji safi uwachunguze hao watu wa majitaka. Uwashike. Anasema ana imani na wewe."

Festus alisukuma sahani. Ugali ulikuwa umebaki nusu, jambo ambalo Peris hakuwa amewahi kuliona katika ndoa yao.

Mama Nakhumicha hakuwa mtu wa kusubiri uchunguzi. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, na akina mama hao walikuwa na waumini waliokwisha kununua nguo nyeupe za ubatizo. Walikodi pikapu, wakapanda nyuma na vitambaa vyao vya kanisa vichwani, na mtungi wa plastiki uliojaa maji ya Nzoia, wakaanza kuifuata harufu kuelekea inakotoka. Kila walipokuta daraja, dereva alisimamishwa, Mama Nakhumicha akashuka, akainama, akanusa. Pale kwenye mto Kamukuywa alinusa akatangaza kwamba mto huo hauna hatia. Waliendelea, wakiuliza njia, wakiacha lami, mpaka wakakifikia kijito, na kijito kikawapeleka kwenye ua wenye lango la samawati na bango kubwa la picha ya Mheshimiwa Mbogo akitabasamu juu ya maneno MITO SAFI, MAISHA SAFI.

Festus alikuwa amesimama kwenye mdomo wa mfereji wa dharura, gambuti miguuni, akiondoa kwa reki matambara yaliyokwama, maana huko hakukuwa na wavu. Alisikia wimbo wa kanisa. Aliinua macho akaona kundi la wanawake likiteremka bondeni, na mbele yake mwanamke mrefu mwenye mtungi kichwani.

Alimtambua kwa mwendo. Reki ilimponyoka. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Shamba la mahindi halikuwepo. Alikimbia akajibanza nyuma ya stoo ya vifaa, mgongo ukutani.

Naye Mama Nakhumicha alikuwa amemwona. Alisimama papo hapo, akageuka akayapa mgongo yale mabwawa na ile stoo, akavuta leso usoni. Wenzake wakakatisha wimbo katikati. Bata walitumia nafasi hiyo kutoka majini.

Jepkoech alikuja kutoka maabara akijifuta mikono. "Karibuni, akina mama. Niwasaidie?"

"Asante, mwanangu," alisema Mama Nakhumicha, uso ukiwa umeelekea barabarani. "Yule mtu amejificha nyuma ya hiyo nyumba ni nani?"

"Ni meneja wetu."

"Meneja wa nini?"

"Wa majitaka, mama."

Mama Nakhumicha aliushusha mtungi kutoka kichwani akauweka chini. "Basi mwambie huyo meneja," alisema, "salamu zake. Mwambie nyumbani wako salama, isipokuwa ng'ombe. Mwambie nimeleta maji ya mto, ayaonje kama ni ya aina yake."

Jepkoech, ambaye kwao ni mlimani lakini alikuwa ameishi na Wabukusu vya kutosha, alielewa mambo yalivyo. Alitembea hadi nyuma ya stoo. Festus alikuwa amesikia kila neno. Ukuta ulikuwa wa mabati. Hata hivyo alimsubiri aseme.

"Anakusalimia," alisema Jepkoech. "Na anauliza kama utaonja."

"Mwambie nimesikia. Mwambie..." Festus alijipangusa jasho. "Mwambie ni tatizo la muda, tunalishughulikia."

Jepkoech alirudi. "Anasema ni tatizo la muda."

"Muulize nani ameleta hilo tatizo."

Jepkoech alikwenda tena nyuma ya stoo. Alikaa kidogo, kisha akarudi. "Anasema ni uzinduzi."

"Uzinduzi ni ugonjwa gani?"

Jepkoech hakulipeleka swali hilo nyuma ya stoo. Alilijibu mwenyewe, akiwaeleza wanawake jinsi mabwawa yalivyokuwa yakifanya kazi, jinsi yalivyofungwa, na kwa nini. Mama mmoja aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kwamba kitu kizima kimeharibiwa ili kifunguliwe. Jepkoech akasema ndiyo, mama, umesikia vizuri. Nyuma ya stoo, Festus alikuwa amechuchumaa amejishika kichwa.

Wanawake waliondoka bila kuimba. Mtungi waliuacha pale pale.

Jioni hiyo Festus alimpigia Kui simu, akamwambia lango lifunguliwe kesho, uzinduzi au pasipo uzinduzi, watu wa chini wanaumia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpaazia Kui sauti, na alijisikia vizuri kwa dakika chache. Kui alimsikiliza, akamwambia asubiri kidogo, akampa Mheshimiwa.

"Injinia," alisema Mheshimiwa kwa furaha, "hao akina mama ni wa kanisa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini..."

"Wanaimba?"

"Wanaimba, lakini..."

"Hiyo ni baraka! Tulikuwa tunakosa wananchi walioathirika. Waalike. Ijumaa hii, haiahirishwi tena, nakuapia. Waketi jukwaani na mimi, mwenyekiti wao kabisa karibu yangu, mkono wa kulia. Wao wameumia kwa ukosefu wa mabwawa, sasa mabwawa yamekuja. Unaona vile inaingiana?"

Festus aliona. Alipaswa kusema hapana. Alisema, "Ijumaa si mbali," na Peris, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni, akatoka akaenda kulala bila kumuaga.

Ijumaa ilifika na jua kali. Hema jeupe lilisimamishwa kando ya bwawa la kwanza, viti vikavishwa vitambaa, hema dogo la chakula likawekwa upande unakoelekea upepo. Jiwe lilikuwa limefunikwa pazia jekundu. Wanawake wa Webuye, walioahidiwa kwamba lango litafunguliwa siku hiyo, walikuja na leso mpya walizotumiwa na ofisi ya Mheshimiwa, wakaketishwa mbele, na Mama Nakhumicha akapelekwa jukwaani, kiti cha mkono wa kulia wa Mheshimiwa.

Festus alikuja na suti ya kijivu, tai aliyofungiwa na fundi kabisa, na hotuba mkononi ambayo Kui alikuwa amemwandikia. Alikuwa anapanda ngazi ya jukwaa alipomwona mama mkwe wake. Alirudi nyuma ngazi zote kwa mara moja.

"Injinia, kiti chako ni hiki," Kui alimnong'oneza.

"Siwezi kukaa hapo."

"Kwa nini?"

"Yule ni mama ya Peris."

"Na Peris ni nani?"

Ilibidi aelezwe. Kui alikuwa mtu wa itifaki, na Festus alimsifu baadaye kwa hilo: hakucheka. Alifikiri, akaangalia jukwaa, akaangalia programu, akaona kwamba mwananchi aliyeathirika hawezi kuondolewa na hotuba ya kiufundi haiwezi kufutwa. Alimwita mtu wa vipaza sauti. Kipaza sauti kimoja chenye waya mrefu kikavutwa mpaka nyuma ya stoo ya mabati, na Festus akapelekwa nacho, akapewa ndoo iliyopinduliwa ya kukalia.

Basi saa yake ilipowadia, saa aliyoiota, mshereheshaji alitangaza, "Na sasa mabibi na mabwana, tafadhali tumpigie makofi injinia wetu!" Watu wakapiga makofi wakitazama huku na huko. Hakuna aliyetokea. Kisha vipaza sauti vyote vikakohoa.

"Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi," ilisema sauti, "wageni waalikwa, mabibi na mabwana."

Festus alikuwa ameiinua karatasi. Hotuba ilisema, *Kwa miaka mingi mji wetu haukuwa na mahali pa kusafishia majitaka, na uchafu ulikuwa ukiingia mtoni moja kwa moja, mpaka Mheshimiwa Mbogo alipotokea.* Alikuwa ameisoma nyumbani na hakuona tabu. Sasa, ameketi juu ya ndoo, mbele yake kukiwa na reki, wavu wa zamani na gambuti zake zenye viraka, aliisoma tena kutoka mwanzo. Miaka mingi haukuwa na mahali. Asubuhi zote zile. Mvua zote zile. Ile sikukuu ya Krismasi aliyoingia ndani ya wavu mwenyewe kwa sababu mfanyakazi wa zamu alikuwa amelewa. Kwa sentensi moja, hakuwa amekuwepo.

"Kwa miaka mingi," ilianza sauti, ikakatika. Watu walisikia karatasi ikikunjwa. "Kwa miaka mingi mabwawa haya yamekuwa yakifanya kazi."

Kui aligeuka ghafla.

"Yalikuwa yanafanya kazi vizuri sana. Maji yaliingia machafu, yakatoka yakiwa hayana madhara kwa mto. Hakuna aliyejua kwa sababu hakukuwa na shida. Halafu tuliyafunga. Mimi ndiye nimezungusha lango. Tuliyafunga ili leo tuje tuyafungue, na tangu siku hiyo majitaka yote ya Kitale yanaingia Nzoia vile yalivyo. Hayo maji ya samawati mnaona hapo ni ya kisima. Na bata ni wa kukodi."

Watu walicheka kusikia habari za bata. Kisha kicheko kikafa. Mheshimiwa alimwinamia Kui. "Nani anaongea?" aliuliza, na kwa kuwa kipaza sauti chake kilikuwa kimefunguliwa, wote wakamsikia.

Kabla Kui hajajibu, Mama Nakhumicha alinyoosha mkono akakichukua kipaza sauti kilichokuwa mbele ya Mheshimiwa, kwa utulivu, kama anavyochukua kibuyu kutoka kwa mtoto. Alijigeuza kitini akaipa stoo mgongo.

"Wapendwa," aliwaambia watu wote, "mimi huyo wa nyuma ya nyumba siwezi kuongea na yeye. Lakini nyinyi mnaweza. Muulizeni, mto wetu utarudi lini?"

Watu waligeukia stoo. Hakuna aliyelazimika kurudia swali.

"Waambieni walioniuliza," ilijibu sauti, "lango likifunguliwa leo, si kesho asubuhi mto utakuwa safi. Vijidudu vilikufa njaa. Mwani tuliukwangua. Itabidi vikue upya, na vinakua polepole. Itachukua wiki nyingi. Wasinyweshe ng'ombe mtoni mpaka watakaposikia kutoka kwangu."

"Mwambieni nimesikia," alisema Mama Nakhumicha. Alifikiri kidogo. "Mwambieni pia, hata kama ni majitaka, angetuambia. Hatungekataa mahari."

Hapo watu walipasuka kwa kicheko, akina mama wakapiga vigelegele, na Peris aliyekuwa safu ya nyuma akajifunika uso na leso, mabega yakimtikisika.

Mheshimiwa Mbogo hakuwa mjinga. Alisimama, akakipokea kipaza sauti, akatandaza mikono. "Mmeona?" alisema kwa sauti kuu. "Mmeona uwazi? Nani mwingine ameleta kampuni inayosema ukweli hivi? Kazi na iendelee!" Akashuka jukwaani, akavuta pazia la jiwe, akakata utepe, akakamata gurudumu la lango na kulizungusha, wapiga picha wakimzunguka.

Sijui wageni walitarajia nini. Pengine walidhani yatabubujika maji kama yale ya samawati. Lango lilipoinuka kilichoingia ni kile ambacho mji wa Kitale ulikuwa umekivuta asubuhi hiyo, baada ya chai, kikiwa na kila kitu chake. Upepo ulikuwa unafanya kazi yake. Uliibeba harufu ukaipitisha hema kubwa kwanza, halafu ukaipeleka hema la chakula, ambako pilau ilikuwa ndiyo kwanza inafunuliwa. Jukwaa likawa tupu kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kulieleza jambo hilo. Mtu wa televisheni alipiga picha za bata, maana ndio peke yao waliobaki mahali pao.

Jumatatu Festus aliitwa ofisini akaambiwa amesimamishwa kazi. Mathenge, mpwa wa Mheshimiwa aliyekuwa na shahada ya usimamizi wa biashara, akateuliwa meneja. Alifika mabwawani Jumanne na viatu vinavyong'aa, akamsikiliza Jepkoech akimweleza kwamba kazi ya kwanza ni kuchota tope kutoka kwenye mabwawa yenye afya ya mji wa jirani na kulileta hapa, ili vijidudu vipate mbegu. Aliuliza kama tope hilo linanuka. Aliuliza tena, pengine jibu la kwanza hakulisikia vizuri. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda kupokea simu nje ya lango, na simu hiyo, kwa kadiri Jepkoech ajuavyo, bado anaipokea.

Nafasi ikatangazwa, hakuna aliyeomba. Festus akarudishwa kwa muda, na mpaka sasa yuko kwa muda. Jina lake halikuondolewa kwenye jiwe kwa sababu mchongaji alikuwa hajalichonga kabisa. Mheshimiwa alikuwa ameamua jina moja linasomeka vizuri zaidi.

Yeye na Jepkoech walileta tope kwa lori, wakalimwaga, wakasubiri. Rangi ya samawati ilibabuka. Siku moja asubuhi Jepkoech alimwita kwenye bwawa la pili, akamwonyesha utando mwembamba wa kijani pembeni, mwembamba kama ukungu kwenye mkate, na Festus aliuchutamia akautazama kwa muda mrefu. Jepkoech naye alianza kumsalimia kama zamani.

Ubatizo ulifanyika mwishowe. Peris alienda, na Festus akaenda naye, akasimama mbali, upande wa pili wa mto, pale adabu inaporuhusu. Pasta aliingia hadi magotini, akasita, akavuta pumzi, akaendelea hadi kiunoni. Nyimbo zikapanda. Mzee mmoja wa pale aliyekuwa amekuja kuangalia alisogea karibu na Festus wakaanza kuongea habari za mvua, za mahindi, za Webuye ya zamani kiwanda cha karatasi kilipokuwa kinanguruma. Halafu akamuuliza, kama watu wanavyoulizana, anafanya kazi gani huko Kitale.

"Majitaka," alisema Festus.

Mzee alimtazama juu mpaka chini, akaangalia mto, akamrudia.

"Na huko kuna nafasi?" aliuliza. "Niko na msichana wangu amemaliza kozi ya maabara, anakaa tu nyumbani."

"Haogopi harufu?"

"Amelelewa na mimi, na mimi nafuga nguruwe."

"Basi aje Jumatatu," alisema Festus. "Amuulize Jepkoech. Na aje na gambuti."